Ndege Aliyoikataa Muthama

Msimu wa ndengu ulikuwa umepamba moto huko Kalamba, na Muthama alikuwa uani akizipura kwa fimbo. Muungurumo uliposikika angani, aliiweka fimbo chini, akakinga macho kwa kiganja na kuitazama ndege iliyokuwa ikielekea Mombasa. Alifanya hivyo kila siku tangu astaafu, hata majirani walikuwa wamechoka kumcheka. "Hiyo ni ya Kimarekani," alijisemea kwa fahari, utadhani anamtaja kifungua mimba wake.

Tusimlaumu. Alikula ujana wake wote katika karakana ya ndege kule Embakasi. Bado aliikumbuka harufu ya mafuta asubuhi na mapema, ovaroli ya buluu yenye jina lake kifuani, na chai ya saa nne ambayo mafundi waliinywa wamesimama chini ya bawa, kila mmoja na nusu mkate wake, wakitaniana hadi msimamizi awakaripie. Siku hizo zilikuwa tamu, naye alizililia kimoyomoyo.

Alasiri hiyo, hata hivyo, hakuwa na raha. Mpwa wake Wavinya, binti wa dada yake Ndila, alikuwa amehitimu ufundi wa ndege na kuchaguliwa kwenda Shanghai kujifunza kazi kwa miaka miwili katika kampuni changa ya Kichina iliyoanza kuunda ndege za abiria. Safari ilikuwa Jumatatu. Maombi ya kumsindikiza yalikuwa alasiri hiyohiyo nyumbani kwa Ndila, lakini katika ukoo wao binti hafungi safari ndefu kabla mjomba wake hajambariki. Wavinya alikuwa ameshikilia kwamba mjomba akikataa, haendi. Naye mjomba alikuwa amekwisha kataa mara mbili.

Ili kumaliza maneno, Muthama alimwita shahidi. Huyu alikuwa Gikonyo, fundi mwenzake wa zamani, ambaye sasa ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Emali. Muthama aliamini kwamba akisikika mzee wa pili, Wavinya angenywea.

"Walimu wa ndege wanajulikana," Muthama alianza baada ya chai kwa Ndila, mchungaji na majirani wakisikiliza. "Ni Wamarekani na Wazungu wa Ulaya. Hawa Wachina wameanza juzi. Unaenda kufundishwa na mtu ambaye mwenyewe bado anajifunza?"

"Ni kweli wameanza juzi, mjomba," Wavinya alijibu kwa adabu. "Hata injini bado wananunua kwa hao walimu wako. Lakini ndege zao zinabeba abiria huko kwao kila siku. Zikifika huku, nani atazitengeneza?"

"Asya! Na zisipofika? Utatengeneza nini, wilbaro?"

Watu waliangua kicheko. Wavinya aliinamisha kichwa, na machozi yakamlengalenga.

"Muthama," Ndila alisema, "mtoto hajakuomba ndege. Amekuomba baraka."

"Basi mwulizeni Gikonyo! Gikonyo, waambie vile tulikuwa tunasema juu ya hizi ndege za wageni."

Gikonyo alikiweka kikombe mezani polepole. "Nitawaambia, lakini usinikasirikie. Mwaka wa themanini na tano tulikuwa tunatengeneza ndege za Kimarekani za injini nne. Tukasikia shirika letu la ndege litanunua ndege ya Wazungu wa Ulaya. Wacha tucheke! Tukasema hao ni wa juzi, hawawezi Wamarekani. Wakatafuta mafundi wawili waende Ufaransa kusomea hiyo mpya. Jina la kwanza kwa orodha lilikuwa la Muthama, kwa sababu yeye ndiye alikuwa hodari kutuliko wote."

"Gikonyo," Muthama alimkatiza kwa sauti ndogo.

"Umeniita shahidi, rafiki yangu. Alikataa. Alisema hiyo ndege itaruka mwaka mmoja halafu iuzwe vyuma. Nikaenda mimi badala yake. Nikarudi, nikawa msimamizi. Zile za injini nne zikauzwa zote, na fundi hodari kutuliko wote akabaki kutengeneza viti na milango ya choo mpaka akastaafu."

Hakuna aliyecheka. Ndila alimtazama kaka yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anamwona, kwani miaka yote hiyo Muthama aliwaambia kwamba aliichagua kazi ya viti kwa hiari yake. Muthama alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu, kisha chini ya aibu akaona jambo zito zaidi: alikuwa karibu kumtia binti huyu katika shimo lilelile alilojichimbia mwenyewe.

"Mjomba," Wavinya alisema, "ungeniambia tukiwa wawili, singekucheka."

Mzee alipangusa uso. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya karakana.

"Ukimaliza kazi ndani ya bawa, na spana moja haionekani kwa sanduku?"

"Sifungi kifuniko mpaka niipate."

"Na bosi akipiga kelele kwamba abiria wanangoja?"

"Wangoje."

"Hata akikuambia kwa Kichina?"

"Hata akiniambia kwa Kikamba, mjomba."

Muthama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akainuka, akaweka viganja juu ya kichwa cha mpwa wake, na kumtemea mate kidogo kifuani kama babu zao walivyobariki. Mchungaji aligeuka akatazama dirishani, akajifanya hajaona.

"Nenda, Wavinya," Muthama alisema huku akilia waziwazi. "Mimi niliitwa nikacheka. Wewe umeitwa, nenda. Hata hao wakubwa wa leo walianza wakichekwa."

Jumatatu Wavinya alisafiri, na Muthama na Gikonyo wakamsindikiza hadi uwanja wa ndege, mahali ambapo Muthama hakuwa amekanyaga tangu astaafu. Hapo ndipo alipokiri mbele ya Gikonyo jambo lililomchukua miaka arobaini kulikubali, kwamba asiyevumilia mdundo hafifu wa kwanza hataicheza ngoma ikikolea, kwa maana mwanzo wa ngoma ni lele.