Aliyebeba na Aliyebebwa

Mtu mmoja wa milimani, jina lake Senkondo, alikuwa na dhamana ya machela ambayo kijiji chake kiliteremshia wagonjwa. Zahanati ilikuwa bondeni, mwendo wa saa tatu kwa njia ya mawe, na gari halikufika huko. Machela ya zamani ilipovunjika, mafundi wawili wakaleta mpya, kila mmoja yake, na Senkondo akatakiwa achague moja.

Hakuifanya kazi hiyo kwa pupa. Aliwaita wachukuzi wanane walioijua kila kona ya njia ile. Wakaipakia kila machela gunia la mahindi, wakashuka nayo na kupanda nayo siku mbili. Wakapima uzito, wakajaribu mbao na kamba. Mwishowe wote wakaafikiana kwamba ile nyepesi ndiyo bora. Senkondo akaridhika, kwa kuwa hakuona mahali alipokosea.

Siku ya kutangaza, mama mmoja aitwaye Nakiete akasimama barazani. Alikuwa ameteremshwa mara mbili akiwa na uchungu wa kuzaa. Safari moja alirudi na mtoto, safari nyingine alirudi mikono mitupu. Akauliza kwa nini hakuna mgonjwa aliyeulizwa. Senkondo akamjibu kwa upole, ingawa swali lile lilimchoma moyoni, kwamba amebeba wagonjwa miaka ishirini na njia ile anaijua kuliko mtu yeyote.

"Ni kweli, baba," Nakiete akasema. "Wewe umebeba, mimi nimebebwa. Njia ni moja, lakini safari ni mbili."

Senkondo angeweza kumketisha, wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliyatafakari maneno yale. Akaahirisha tangazo, akapita nyumba kwa nyumba kwa wote waliowahi kulala juu ya machela.

Huko akasikia mambo ambayo gunia halisemi. Kwamba kwenye mteremko damu hujaa kichwani, na mkono hauna pa kushika. Kwamba kupitishwa sokoni umelala wazi mbele ya macho ya watu ni maumivu juu ya maumivu. Mzee Mbwambo, mgonjwa wa pumu, akamwambia kuwa ameazimia kufia kitandani kwake, maana akilazwa chali pumzi humkatika. Hapo Senkondo akawakumbuka wawili waliokataa kubebwa mwaka uliopita, wakafa. Yeye aliwaita wakaidi.

Akawakutanisha waliobeba na waliobebwa. Wagonjwa walitaka machela pana. Wachukuzi wakawaonyesha kwamba haitapita penye jabali, nao wakaelewa. Wakaomba egemeo la kichwa, vishikio, na shuka ya kufunika. Wachukuzi wakanung'unikia uzito, kisha wakakubali. Fundi akairekebisha ile nyepesi, ikawa nzito kidogo.

Mvua za vuli hazijakatika, Mzee Mbwambo akabanwa na kifua, na ni yeye mwenyewe aliyetuma waite machela. Alishuka ameegemea, akafika zahanati anapumua.

Basi ninyi mliopewa kuchagua vyombo vya kuwatibia watu, mnaposema mmekwisha kupima kila kitu, ni nani aliyewasimulia safari ya yule aliyelala?