Tanuri la Mbwambo na Dole Gumba la Bi Tunu

Isome yote, usirukie mwisho kama ulivyozoea. Mimi nikisimulia, hata mawe yanavuta kiti.

Palikuwa na muoka mikate anaitwa Mbwambo. Mikate yake ilikuwa laini mpaka vikongwe wasio na jino hata moja walikuwa wanaipigania. Siku moja akaamua kujenga tanuri uani kwake, kubwa kiasi kwamba ng'ombe wawili wangefungia harusi mle ndani.

Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba kibali. Mwenyekiti akampa fomu.

"Majirani wa pande zote nne uwaambie unajenga nini na wapi, kisha waweke saini. Bila hivyo mhuri sigongi."

Pande tatu zikaisha kabla chai haijapoa. Upande wa nne sasa! Huko alikaa Bi Tunu. Miaka saba hawakusalimiana, sababu jogoo wa Bi Tunu aliingia mzima jikoni kwa Mbwambo, akatoka mchuzi.

"Nitamsainia mwenyewe," Mbwambo akamwambia mkewe, Eliwaza. "Yule huwa anaweka dole gumba tu. Nitaweka langu, hata la mguu."

Eliwaza akacheka mpaka kanga ikamvuka. "La mguu! Mwenyekiti ataona kiazi kwenye fomu! Baba, mafundi wanakuja kesho kuchimba msingi. Nenda kabishe hodi."

Hatua kumi tu, lakini mwanaume alitoka jasho la kujaza pipa.

"Hodi! Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba. Leo jua limechomozea wapi? Au umefuata na mtetea?"

Mbwambo akaeleza yote: tanuri, moshi, kuni, na mahali penyewe. Bi Tunu akasimama. Akajifunga kanga, akatangulia mpaka uani kwa Mbwambo.

"Litakaa hapa?"

"Hapo hapo. Na Eliwaza atasimama mbele yake, anatoa mikate."

"Lete mtaimbo."

Mbwambo akajua leo anapasuliwa kichwa. Akauleta.

"Piga hapo chini."

Akapiga mara moja. Mtaimbo ukazama, ukamponyoka, ukaenda zake. Nakwambia, mpaka leo bado unashuka!

"Choo cha shimo cha marehemu baba mkwe wangu," Bi Tunu akasema. "Kabla hujanunua, uwanja huu ulikuwa wetu. Tulikifunika kwa magogo na udongo. Magogo yameshaoza."

Mbwambo akatazama shimo, akamtazama mkewe. Akakaa chini pwaa.

"Bi Tunu, mbona siku zote hukuniambia?"

"Ungeniambia unajenga hapa, ningekwambia. Ulininunia, na mimi nikakununia."

Eliwaza akamkumbatia yule mama, karibu amvunje mbavu. Mbwambo naye akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakalowesha shati, kicheko cha mtu aliyerudishiwa mke kutoka kaburini.

Tanuri likahamia karibu na mpapai, kwenye ardhi ngumu. Bi Tunu akaweka dole gumba lake, la mkono.

"Mkate wa kwanza ni wangu," akasema. "Habari ya jogoo bado naifikiria."

Funzo: Kabla hujachimba msingi, bisha hodi kwa jirani, hasa yule mliyenuniana naye, huenda ndiye pekee anayejua shimo lako liko wapi.