Pointi Mbili Zisizo na Mwenyewe

Wewe uliyejinyoosha hapo mbele, ni lini mara ya mwisho ulisifiwa kwa kazi ya mwenzako, ukanyamaza?

Basi, usijibu. Jibuni hili kwanza, nyote. Hadithi iko mlangoni!

— Iingie!

Ina miguu minne!

— Ipanguse vumbi!

Haya. Kulikuwa na chuo cha wanyama huko bondeni, na chuo kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu. Nahodha alikuwa Kiboko. Akikimbia, ardhi inasema tii! tii! tii! Na wa kuupandisha mpira na kuwagawia wenzake alikuwa Digidigi, binti mdogo mwenye miguu kama njiti za kiberiti. Digidigi alisoma, akala na akalala chuoni bure, kwa sababu moja tu: aliichezea timu. Siku atakayotolewa kwenye timu, ndiyo siku atakayorudi porini bila shahada.

Sasa, pale chuoni takwimu za mchezo hazikuandikwa. Mchezo ukiisha, wachezaji wanakaa duara, Kasuku anataja tukio moja moja, na mwenye nalo anaitika. Utaratibu mzuri sana, kama wote wangekuwa na haya.

"Kapu la kwanza, la nani?"

"Weka kwangu!" anasema Kiboko.

"Kapu la pili?"

Hilo Ngiri ndiye aliyefunga, kila mtu kaona. Ngiri anafungua mdomo, Kiboko anamwahi.

"Weka kwangu!"

"Ribaundi, ule mpira uliodunda ubaoni ukadakwa?"

"Weka kwangu!"

"Pasi ya mwisho?"

"Kwani mpira haukupita karibu yangu? Weka kwangu!"

Na Kasuku si mhesabu, Kasuku ni mrudiaji. Akiambiwa ni ya Kiboko, anatangaza ni ya Kiboko. Mwalimu wao, Mbuni, aliyekwenda kusoma ng'ambo ya mto akarudi na maneno marefu kuliko shingo yake, anaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote.

"Kwa mujibu wa takwimu," anasema, "Kiboko ndiye timu. Digidigi ni sifuri."

"Mwalimu, mipira anayofunga nampa mimi."

"Hayo ni masimulizi, binti. Mimi ni mtu wa namba."

Ikafika siku ya fainali. Wageni walikuja na nahodha wao, Nyumbu, mpole, mwenye ndevu na shabaha. Kando ya uwanja palipangwa matikiti maji, rundo zima, zawadi ya mfungaji bora. Kiboko alicheza jicho moja kwenye mpira na jicho moja kwenye matikiti.

Mchezo ukaenda, ukaenda, ukabaki muda wa kupiga chafya mbili. Wenyeji arobaini na tatu, wageni arobaini na mbili. Mpira anao Digidigi, amerudi nao chini ya kikapu cha kwao, du-du-du, du-du-du, anasubiri filimbi tu. Kazi imekwisha.

Lakini Kiboko aliuona mpira mkononi mwa mwingine, na hilo ni jambo ambalo moyo wake haukuwahi kulizoea.

"Lete!"

"Nahodha, tulia, muda unaisha."

"Lete hapa, kijipande wewe!"

Akamrukia, akampokonya. Puu! Wakaanguka wachezaji watano kwa mpigo, vumbi tifu! Ndani ya vumbi hilo Kiboko akajizungusha mara moja, akajizungusha mara ya pili, akaona kikapu juu yake, akarusha. Hakuuliza ni kikapu cha nani. Chwaa! Filimbi ikalia. Wageni wakarukaruka.

Digidigi, aliyekuwa amelaliwa na Ngiri, aliona kila kitu. Wengine waliona vumbi. Na vumbi lilipotua, Kiboko alikuwa keshasimama mbali, safi, anaonyesha kwa pua.

"Ni huyu! Kajifunga mwenyewe! Katuua!"

Mbuni hakuhitaji kuuliza. "Kwa mujibu wa takwimu," akasema, "tukio kama hili humwangukia mwenye sifuri. Binti, funga virago."

Digidigi akawaza. Aseme nini? Neno la sifuri litashindana na neno la mwenye makapu yote? Akatazama matikiti. Akamtazama Kiboko anavyoyatazama matikiti. Akajipangusa vumbi taratibu.

"Sawa, Mwalimu, naondoka. Ila tufunge hesabu kwanza, wageni wasije wakatucheka."

Kasuku akapaza sauti: "Kiboko, thelathini! Nyumbu, ishirini na tisa!"

Kiboko keshaanza kuyaendea matikiti, mate yanadondoka.

"Ngoja kidogo, nahodha," akasema Digidigi. "Wageni wana arobaini na nne. Ukijumlisha wafungaji wao wote, unapata arobaini na mbili. Pointi mbili hazina mwenyewe."

"Si zako hizo?" Mbuni akafoka.

"Haiwezekani, Mwalimu. Kanuni inasema mtu akijifunga kwa bahati mbaya, kapu anaandikiwa nahodha wa wapinzani. Bila shaka umeisoma."

Mbuni hakuwa ameisoma. "Bila shaka," akasema. "Hiyo ni ya mwaka wa kwanza."

"Basi Nyumbu ana thelathini na moja. Kaka Nyumbu, hongera! Karibu matikiti yako."

"Mimi?" Nyumbu akashangaa. "Lakini sikuu…"

"Usijishushe, kaka. Kapu lenyewe lilikuwa tamu! La kugeuka, ndani ya vumbi, bila kutazama! Mwaka mzima hapa hatujaona kapu zuri kama lile."

"Kweli lilikuwa zuri," wageni wakaitikia. "Nyumbu! Nyumbu!"

Nyumbu akaona haya, kisha akaona njaa, akainama kwenye tikiti. Ngwaa! Maji mekundu yakamtiririka ndevuni.

Kiboko akaanza kutetemeka, masikio, mashavu, tumbo.

"Huyo hakugusa mpira!"

"Kanuni haimtaki aguse, nahodha."

"Alikuwa kule kati, anajikuna!"

"Labda. Nani ajuaye? Vumbi lote lile."

Ngwaa! Tikiti la pili.

"Wezi! Nasema hakugusa!"

"Sasa kama si Nyumbu," Digidigi akauliza kwa upole kabisa, "kapu zuri vile alifunga nani?"

"Nani? Nani mwingine hapa anaweza kugeuka vile?" Kiboko akanguruma, bonde zima likasikia. "Nilifunga mimi! Nilimpokonya huyu binti mpira, nikageuka, nikafunga mimi, kwa mkono wangu huu!"

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye mgongo na aibebe. Na funzo lake, watoto, ni hili: kuweni wakweli kama Kiboko.