Pimbi na Usaili wa Wakili Twiga

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sawa. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakishtakiana kila kukicha, palikuwa na wakili mmoja, Twiga. Ofisi yake ilisifika mbuga nzima. Kila mwaka alichukua mwanagenzi mmoja tu, amfunze uwakili. Na kila mwaka aliyechukuliwa ni shingo ndefu: mara Mbuni, mara Tandala, mara Korongo. Eti wafupi hawana akili!

Pimbi aliutaka uwakili tangu ukoo wake ufukuzwe majabalini bila kusikilizwa. Mwaka wa kwanza akaenda kusailiwa, akakosa. Mwaka wa pili, akakosa. Mwaka wa tatu ndio wa mwisho kuruhusiwa kuomba. Akaenda, moyo du! du! du!

Twiga akauliza swali kutoka kule juu. Pimbi akajibu. Akauliza tena. Pimbi akajibu, kriii! kriii! mpaka sauti ikamkauka. Twiga akatikisa kichwa.

"Hakujibu. Aje mwingine!"

Pimbi akageuka aende zake, machozi yanamlengalenga. Kanga, karani wa ofisi, akashindwa kuvumilia. Akaruka, purrr! mpaka sikioni kwa Twiga.

"Mheshimiwa, amejibu! Tena vizuri. Na mwaka jana alijibu. Mimi huwa nipo hapo chini, nasikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini, mzee?"

Twiga akatazama chini. Anatetea haki za mbuga nzima, kumbe mlangoni pake mwenyewe haki haipiti! Aibu ikamshika. Akasema, "Basi Pimbi, nafasi ni yako."

Pimbi nusura aruke kwa furaha. Halafu akawaona Nguchiro na Kobe, walioambiwa asubuhi ile kwamba hawakujibu. Akamgeukia Twiga.

"Ahsante, mzee. Lakini na hawa hukuwasikia. Tuanze upya sote."

"Na ukishindwa?"

"Nitakuwa nimeshindwa baada ya kusikika."

Twiga akatanua miguu ya mbele kama anavyokunywa maji. Akainama, akainama, akainama, mpaka pua ikagusa vumbi. Kanga akatundika jamvi kati yake na waombaji wote, Twiga asione nani mrefu nani mfupi. Swali likawa moja kwa wote: Mhanga, yule mla mchwa, kachimba shimo, Ngiri kahamia humo. Shimo la nani?

"La Mhanga!" akasema mmoja.

"La Ngiri!" akasema mwingine.

Sauti ya saba ikasema, "Siwezi kujibu kabla sijawasikia wote wawili. Mhanga alihama, au alitoka kutafuta mchwa?"

"Huyo!" Twiga akapiga kwato, ko! Jamvi likashushwa. Pimbi!

Pimbi alilia. Akamkumbatia Kanga. "Dada, Mungu akuzidishie." Kisha akamwendea Twiga. "Nakushukuru, mzee."

"Usinishukuru, mwanangu. Nimekupotezea miaka miwili."

"Nashukuru hivyo hivyo. Wakubwa wengi wakiambiwa wamekosea, humfukuza karani."

Basi wakubwa kwa wadogo, sikieni: anayechagua watu na awasikilize wote sawasawa, na aliyetendewa haki ashukuru bila kuona haya. Hadithi yangu imekomea hapo, nami nawashukuru mlioisikiliza.