Konzi Moja ya Chumvi

Paukwa! Semeni pakawa, wajukuu zangu, hivyo vinywa mmepewa vya nini? Haya. Pakawa Upare, juu mlimani, zamani hizo babu wa babu yangu bado anabebwa mgongoni. Pakawa duka moja, kijiji kizima duka moja tu, la Bi Nakijwa.

Bi Nakijwa alikuwa mjane, hana mtoto, hana ndugu. Akiuza chumvi. Ukija na maharage, unapimiwa chumvi. Ukija na mayai, unapimiwa chumvi. Lakini alipima konzi moja tu, mkono umefumbwa hivi, hata ungekuja na ng'ombe!

"Rudi kesho," anasema. "Na leo kaa kwanza. Mama hajambo? Ndizi zimekomaa?"

Basi watu wanakaa, wanakunywa uji wake, wanaongea. Wakitoka nje wanamsengenya: "Mchoyo yule!" Msicheke nyie. Mchoyo gani anayekupa kiti na uji?

Ikafika siku Mzee Mbwambo anamwoza binti yake. Akaja na kijiji kizima nyuma yake, na magunia matupu.

"Bi Nakijwa, tuuzie chumvi yote."

"Yote? Konzi moja, baba. Kesho utarudi."

"Kesho, kesho! Tumechoka na kesho yako. Unatuchezea?"

Watu wakapiga kelele. Bi Nakijwa akaogopa kuchukiwa, akawafungulia ghala.

Ee, walifurahi! Kila nyumba ikajaza chungu. Kesho yake Bi Nakijwa akafagia, akapika uji, akakaa. Hakuja mtu. Kesho kutwa, hakuja mtu. Na punda wa chumvi hawapandi mpaka masika yaishe. Uji unapoa, anaunywa mwenyewe. Upweke ulimuuma, wanangu, ulimuuma kuliko njaa.

Ndipo akachukua kibakuli, akashuka kwa Mbwambo. Akamkuta mkewe uani, anatwanga.

"Hodi, mwanangu. Nimekuja kuomba chumvi."

"Yoo! Mwenye duka anaomba chumvi?"

"Konzi moja tu. Kesho nitarudi."

Yule mama alikuwa na roho nzuri, msimlaumu. Akaingia ndani mbio, akatoka na kapu limejaa pomoni.

"Chukua, mama. Usijisumbue tena kurudi."

Bi Nakijwa akashukuru. Akajitwika kapu, akapanda mlima peke yake.

Mmesikia? Mtu akija kuomba chumvi, msikimbilie chungu. Mwambieni kwanza, karibu ukae.

Kisa kimefika ukingoni. Kitamu chake kuleni nyinyi, kichungu niachieni mimi bibi yenu.