Barafu ya Bwana Shaweji

Bwana Shaweji, mwenye jengo la ghorofa tano pale Tanga, aliwapiga marufuku wapangaji wake kutumia feni. Umeme ulikuwa ndani ya kodi, naye aliona wanaula ovyo.

"Tuwekee madirisha ya vioo viwili viwili, yanazuia joto," alisema Saumu, fundi cherehani wa ghorofa ya tatu. "Feni tutazizima wenyewe."

"Madirisha yangu hayana kasoro. Ninyi mmezoea kudeka tu."

"Basi tuyajaribu, bwana. Weka bonge la barafu ofisini kwako, nami niweke langu chumbani, umeme tuzime sote. Lako likidumu mpaka alasiri, sitataja dirisha tena."

Shaweji alikubali. Akajifungia ofisini, akawasha kiyoyozi kimyakimya.

Alasiri wapangaji walikusanyika ofisini, Saumu na beseni lake. Barafu yake ilikuwa maji matupu. Ya Shaweji ilikuwa bado bonge, kingo tu zimeyeyuka.

"Nimeshindwa," Saumu alisema kwa unyonge. "Ni madirisha tu, bwana? Si kiyoyozi?"

"Madirisha matupu! Kiyoyozi sikukigusa."

"Jamani, mmesikia. Basi kiyoyozi hakina kazi humu, kinakula umeme bure tu. Kitolewe."

Fundi umeme, ambaye Saumu alimweka ngazini tangu asubuhi, aliingia na bisibisi yake, akakifungua kiyoyozi na kukiondoa. Shaweji angemzuia vipi bila kujiumbua?

Siku ya tatu, shati likiwa limemganda mgongoni, alipanda mwenyewe kumuuliza Saumu ni nani anayeuza yale madirisha, anataka moja la ofisini.

"Yule hapimi dirisha moja, bwana," Saumu alimjibu huku akiendelea kushona. "Hupima jengo zima."