Jina Moja Katika Daftari

Hapo zamani, katika taasisi moja iliyochunguza elementi nzito kupita zote, walikuwapo watu wanne. Alikuwapo Profesa Salome Kahindi, Mkurugenzi. Alikuwapo Dakta Eliufoo Msangi, mkemia. Alikuwapo Bi. Mwanakheri Shee, mtunzi wa programu za kompyuta. Na alikuwapo Fundi Barnabas Ngonyani, mpakaji wa vibati vya maabara. Mtu wa tano hakuwapo.

Elementi waliyoishughulikia haichimbwi ardhini. Hutengenezwa kwa kugonganisha atomi, na kila moja inayopatikana huishi sekunde nne tu. Hupeperushwa na gesi juu ya vibati, vipande vyembamba vya bati vilivyopakwa madini; pale inaponasa ndipo tabia yake hujulikana. Miaka kumi na mmoja Dakta Eliufoo alizitengeneza atomi hizo. Vibati vikapakwa dhahabu. Hazikunasa. Vikapakwa dhahabu nene zaidi. Hazikunasa. Dhahabu ikapozwa kama barafu. Hazikunasa.

Ndipo akaja Bi. Mwanakheri na programu yake ya kupendekeza. Programu nyingine hukupa kinachofanana na ulichokipenda jana. Yake ilisoma majaribio yote, ikachapa karatasini mapendekezo kumi: tisa ya kufanana nayo, na la kumi lisilofanana na lolote. Ni kama muuza kanga anayekuona hununui ila za bluu, naye akakutandikia na nyekundu moja.

La kumi lilisema: badala ya dhahabu, jaribuni kupaka seleni.

Dakta Eliufoo akacheka. "Binti Shee, hiyo mashine yako imewahi kuungua na asidi hata siku moja?"

"Haijaungua, Dakta. Lakini pia haijang'ang'ania dhahabu miaka kumi na mmoja."

Mkurugenzi akageukia dirishani asionekane anacheka. Dakta aliona. Wivu ukamwingia. Huyu binti ana miezi mitatu tu hapa, na ameshapewa chumba chenye kiyoyozi. Yeye hakuwahi kupewa hata feni! Akaikunjakunja ile karatasi ya mapendekezo, akaitupa.

Fundi Barnabas akaiokota. Hakuomba ruhusa. Akapaka kibati kimoja seleni, akakichomeka mwisho wa vile vya dhahabu. Jumatano, saa nne na robo asubuhi, atomi ikaipita dhahabu yote, ikanasa kwenye seleni. Ya pili ikanasa. Ya tatu ikanasa.

Sasa, taasisi ile ilikuwa na desturi. Kila elementi ina daftari lake, na katika daftari huingia jina moja tu, la mgunduzi. Mwenyewe huliandika kwa mkono wake. Haandikiwi mtu.

"Jina ni langu," akasema Dakta Eliufoo. "Bila atomi zangu, hiyo seleni ingenasa nini? Vumbi?"

"Ni langu," akasema Bi. Mwanakheri. "Bila pendekezo langu, Dakta angepaka dhahabu mpaka anastaafu."

"Mimi nilipaka tu," akasema Fundi Barnabas. "Ila nisingepaka, karatasi ingekuwa imeshazolewa na takataka."

Mkurugenzi akasema, "Sichagui mimi. Pataneni wenyewe kabla ya Jumatatu."

Alhamisi Dakta Eliufoo hakugusa chakula. Kila alipofumba macho aliliona lile jina kwa wino mweusi: Mwanakheri Shee. La Barnabas angelivumilia. Mzee wa brashi, nani angemlinganisha naye? Akaenda kwa Mkurugenzi.

"Naachia. Aandike Barnabas."

"Umechelewa, Dakta. Bi. Mwanakheri amesema hivyo hivyo asubuhi. Alisema, yeyote yule, mradi asiwe wewe."

Akatoka na wivu mpya: hata katika kuachia, ametanguliwa.

Ijumaa Fundi Barnabas akaambiwa kwamba ataandika yeye. Akaisugua mikono kwa mafuta ya taa mpaka rangi ikatoka. Akauliza, "Niandike majina yangu mawili, au yote matatu?"

"Yote matatu," akasema Mkurugenzi.

Jumatatu daftari likafunguliwa mezani, kalamu ikawekwa juu yake. Dakta Eliufoo alikaa upande huu, Bi. Mwanakheri upande ule, kila mmoja akiutazama mkono wa mwenzake. Fundi Barnabas Petro Ngonyani alikuwa amefariki Jumapili.

Haya, ninyi mliosikia yote: je, nani alistahili kuishika kalamu ile?